Maganda ya Viazi

Jirani yangu wa chini ya kilima ana bustani ya mviringo iliyozungushiwa mawe, na katikati amesimamisha kapu la fito linalolishwa majivu, samadi na maji ya kuoshea vyombo. Sisi Wasotho karibu sote tunazo, lakini yake ndiyo ya kutazamwa. Kila jioni humwaga maji polepole, sikio kaliinamisha, blanketi limebanwa kwa pini kifuani, kucha nyeusi kwa majivu. Kisha huja mlangoni kwangu na beseni. “Mama Tebello, una maganda? Hii bustani inakula kumshinda marehemu mume wangu.” Hucheka yeye kwanza, nami humpa maganda ya viazi, maana sikuzaliwa mchoyo.

Julai baridi iliunguza mboga za kijiji kizima, naye akaendelea kuja na beseni lake. Asubuhi moja nilipita nyuma ya nyumba yake nikienda kisimani, nikamwona akiyaosha yale maganda, akayaosha tena, halafu akayatia sufuriani na chumvi. Nilirudi kwa kunyata kama mwizi. Tangu hapo nikawa namenya kwa unene, nusu ya kiazi ibaki kwenye ganda.

Jana aliyapokea, akayageuzageuza ndani ya beseni, na safari hii hakucheka. “Kisu chako kimekuwa butu, Mama Tebello,” akasema taratibu. “Kilete nikunolee.” Nilimpa kisu, na mimi ninayemzidi umri nikashindwa kumtazama usoni.