Tumbo la Amani na Nchi Tuliyokatazwa Kuitaja

Harufu ya tangawizi iliyochemshwa inanikera mpaka leo. Nilipokuwa na miaka tisa, chumba chetu cha Bellevue, huku kusini mwa Afrika tulikokimbilia, kilinuka tangawizi kila asubuhi, kwa sababu mama aliichuja, akaijaza kwenye kimpira chekundu cha kuoshea tumbo, akamlaza mdogo wangu Amani mapajani na kumwingizia nyuma, kama wanavyofanyiwa watoto wengi wa kwetu Kongo. Amani alikuwa na miaka mitatu. Tumbo lilimvimba hadi fulana haikufika kitovuni, na angeweza kumaliza siku kumi bila kwenda choo. Nyumba ile iligawanywa vyumba saba na choo kilikuwa kimoja, kwa hiyo haja ya Amani ilikuwa habari ya wote. "Mama Zawadi, mutoto ameenda?" aliuliza msusi wa chumba cha mbele, hata kabla ya salamu. "Bado." "Eish! Tangawizi yako ni maji matupu. Tia pilipili!" Fundi cherehani alisema papai. Mlinzi Mtanzania alisema maombi. Kila mtu alikuwa na dawa, na hakuna aliyeombwa.

Kilichonichosha zaidi ni hospitali. Mara tatu daktari aliuliza tumeishi wapi, mara tatu mama akajibu, "Bukavu, halafu hapa." Uongo. Amani alizaliwa Brazili, ambako baba alitupeleka kutafuta maisha, na tuliishi huko miaka miwili katika nyumba ya udongo yenye nyufa. Lakini jamaa mmoja alimwambia baba kwamba ukitaja nchi uliyopitia njiani, karatasi za ukimbizi zinakataliwa. Basi tukafundishwa kuisahau Brazili kama tunavyofundishwa sala. Mara ya nne Amani alikuwa anatapika hata uji, na daktari akasema asipopata chanzo itabidi ampasue bila kujua anachokitafuta. Nesi Mkenya aliyetutafsiria akainama. "Mama, fikiria vizuri. Hakuna kwingine?" "Sister, nimeshasema!" Nilimtazama Amani, mdomo umemkauka, nikachoka na watu wazima wote. "Brazili," nikasema. "Mdudu alimuuma karibu na jicho, likavimba." Mama alinifinya paja hadi machozi yakanitoka. Nesi akauliza, "Mdudu gani, mwanangu?" Nikamweleza: mweusi, mpana, alitoka kwenye nyufa usiku.

Damu ikapimwa upya. Ulikuwa ugonjwa wa Chagas. Vijidudu alivyoachiwa na yule mdudu vilikuwa vimeharibu neva za utumbo, ukashindwa kusukuma kinyesi. Daktari alisema ni nadra tumbo kuharibika hivyo kwa mtoto mdogo, ila kwa umri wake vijidudu vingeweza kuuawa kwa dawa. Hakuna aliyeuliza karatasi. Miezi yote ile ya tangawizi, na hakuna aliyeuliza karatasi!

Sasa Amani ana miaka kumi na mitatu, anatukanana kwa Kizulu uwanjani, na bado anakunywa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu neva zilizokufa hazikurudi. Nafikiri zingebaki nyingi tungesema mapema. Mama hajabadilika. Tukiingia kliniki na kuulizwa tulikotoka, anasema "Bukavu", kisha ananigusa kiwiko. "Zawadi, semea." Na mimi, ambaye hadi leo napitishwa robot yangu, zile taa za barabarani ninaposhukia, kwa kuona haya kumwambia dereva wa teksi anishushe, nazitaja nchi zote tatu, moja baada ya nyingine, kwa sauti.