Ngoma ya Kufungulia Kipindi

Siku nne mfululizo sikupata usingizi kwa sababu ya swali moja: mtu anayekulilia kama marehemu, ukimtokea mlangoni ukiwa mzima, atapona au atakufa kwa hofu? Mtu huyo alikuwa nkambo wangu, mama aliyemzaa mama yangu, aliyenilea kijijini Wamaza tangu nikiwa na miaka mitatu hadi nilipoondoka kwenda kusoma. Alikuwa amenyoa nywele kwa ajili yangu. Nami nilikuwa mjini Kasongo, ninakula, ninaoga, ninachaji simu.

Yote yalitokana na kipindi changu.

Niliporudi kutoka chuo kikuu na lisansi yangu, yaani shahada, kazi haikuwepo. Nilikaa kwa mjomba miezi mingi nikiandika barua za kuomba kazi, nikizisoma upya mara kumi, kisha nikizichana kwa sababu ya neno moja. Mwishowe nikaanzisha podkasti, kwa simu yangu na kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shati. Nilitaka kuusifu mji. Watu wa mbali wakisikia Kasongo wanauliza habari za vita na za barabara. Hakuna anayeuliza ni nani anayechora wale wanawake wenye shingo ndefu kwenye kuta za nyumba za kusukia nywele, au ni nani aliyewafundisha wasichana wa kasida kuingiza sauti ya pili chini ya ile ya kwanza. Mimi niliuliza. Kila juma dakika ishirini: fundi wa gitaa, mshonaji anayebuni mitindo yake mwenyewe, mama anayetunga nyimbo za harusi akiwa anapepeta mchele.

Intaneti yetu ni ya kubahatisha, kwa hiyo kipindi kilisafiri kwa kadi za simu. Motari mmoja, dereva wa pikipiki za abiria na rafiki yangu tangu shule ya msingi, alikinakili na kukipiga katika bafle, spika kubwa aliyoifunga nyuma ya pikipiki, njia nzima hadi Kabambare.

"Lisansie," alikuwa akinitania, "weye sasa ni mutu mukubwa. Hata mbuzi za Lusangi zinajua jina lako."

Kilichokosekana ni sauti ya kufungulia. Upande wetu, jirani na parokia, anaishi mzee anayetengeneza baiskeli. Yeye ndiye anayeipiga ngoma ya mti kuwaita Wakristo misani, ile ngoma isiyo na ngozi, gogo lililochimbwa ndani na kuachwa mdomo mwembamba juu. Ngoma hiyo inasema maneno. Anayejua lugha ya Kizimba anasikia ujumbe. Mimi niliyekulia katika Kibangubangu nasikia mlio tu. Nilimwomba mzee anipigie milio mitatu: wa kuzaliwa mtoto, wa misa, na wa kifo. Kabla ya huo wa tatu alimtuma mke wake akawaambie majirani kwamba ni mafundisho tu, hakuna kitu. Kisha akapiga polepole, na mwishoni akainua fimbo zake.

"Hapa linaingia jina," akasema. "Jina la mutu, jina la baba yake, na kwao. Leo ninaacha wazi, hakuna wa kuweka."

Nilimsikia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari mwekundu wa simu, nikihofia sauti isije ikapanda mno na kupasuka.

Nyumbani nikafungua rekodi hizo tatu. Nilitaka ule wa kuzaliwa, maana kipindi kilikuwa kichanga, na nilijisifu kwa wazo hilo. Wa kuzaliwa ulikuwa wa kwanza, nikachukua wa juu kabisa kwenye orodha. Sikufikiri kwamba simu huweka juu kilichorekodiwa mwisho. Mimi ninayeweza kulitilia shaka koma moja nusu siku, hilo halikunipitia akilini. Nikakata maneno yote ya mzee bila kuyasikiliza, nikabakiza mlio peke yake, na pale alipoinua fimbo nikabandika sauti yangu: jina langu, jina la baba yangu, mwana wa Wamaza, karibuni.

Niliusikiliza mwanzo huo mara arobaini au zaidi. Nilipunguza upepo, nikaongeza uzito chini. Ulikuwa mzuri kweli.

Baada ya majuma machache nilianza kuona mambo. Wazee fulani wanaokaa kwenye benchi karibu na soko walikuwa wakisimama ninapopita. Walisimama, wakangoja nimalize kupita, wakaketi. Niligeuka mara moja nikawaona wanaketi wote kwa pamoja, taratibu. Nilidhani ni heshima. Nilimwambia motari, "Unaona? Wananijua," naye akasema labda wamenifananisha na mukubwa wa territoire, yaani wa wilaya.

Nilikwenda Nyangwe kurekodi wanawake wanaoimba wakikaanga samaki kando ya mto. Waliimba vizuri sana hadi nilipowaambia mimi ni nani. Mkubwa wao alinyamaza. Hakuniangalia, alimwuliza aliyekuwa karibu naye, "Huyu amekuja kuchukua nini?" Wengine nao wakanyamaza, mmoja baada ya mwingine. Rekodi ile ninayo bado. Ni dakika sita za mafuta yanayochemka na maji.

Usiku huo nilijiuliza kama nilikuwa nimevaa vibaya.

Kisha mama mdogo, anayekaa na nkambo Wamaza, akapanda kilima cha mtandao akanipigia.

"Uko wapi?"

"Niko Kasongo, mama mudogo."

"Uko wapi kweli?"

"Kasongo! Niko naandika. Kuna nini?"

Alivuta pumzi, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Nkambo alizaliwa upande wa Kasongo, kwa Wazimba. Alifika Wamaza kwa ndoa. Pale kijijini ni yeye peke yake aliyebaki anayeijua lugha ya ngoma ile. Motari alipopita na bafle yake, watu wote walisikia muziki. Nkambo alisikia kifo kinatangazwa, halafu jina langu, la baba yangu, na la kijiji. Alikuwa anapanda karanga. Aliacha jembe palepale shambani, akarudi, akanyoa nywele, akaketi chini. Siku ya tisa sasa. Hali chakula, anakunywa uji kidogo tu wanapomlazimisha. Majirani wanakaa naye kwa huruma, wakidhani akili imezeeka.

"Mupe telefone," nikasema. "Nizungumze naye."

Nilimsikia mama mdogo akimwita; kumbe walikuwa wamempandisha nkambo kilimani juu ya baiskeli ili anisikie mwenyewe. Nilimsalimu kwa jina ninalomwita tangu utoto. Kisha nkambo akasema, si kwangu, kwa mama mdogo, kwa upole ule anaotumia kwa watoto wagonjwa:

"Mwambie apumzike."

Simu ikakatika.

Nilizifungua rekodi zote tatu za ngoma. Ya chini kabisa ilikuwa na mzee anayecheka, anasema mtoto amefika. Ya juu niliisikiliza hadi mwisho, hadi maneno yale niliyoyakata.

Nilifanya kile ninachojua kufanya. Nilirekodi maelezo: mimi ni mzima, nkambo, ni kosa la simu. Nilirekodi mara kumi na moja. Katika ya tatu nilisikika kama ninasoma, katika ya saba kama mgonjwa. Ya kumi na moja nikampa motari, nikamwambia aipige mbele ya mlango wake, kwa sauti ya kutosha.

Alirudi siku ya pili. Hakukaa.

"Lisansie, kazi hii siiwezi tena."

"Ulipiga?"

"Nilipiga, saa tisa mchana, watu wote wakiwa pale. Sauti yako ikamwita. Akatoka na majivu kwenye kipande cha chungu, akayamwaga kizingitini kuzuia mzimu, akafunga mlango. Halafu akajibu kutoka ndani."

"Akasema nini?"

"'Nimekulilia. Sasa unataka nini tena?'" Motari aliangalia kofia yake ya pikipiki kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Wale waliokuwa wanasema akili imezeeka, walienda kwao wote. Amebaki na mama yako mudogo tu. Sasa majirani nao wanaamini umekufa."

Ndipo nikaenda kwa mzee wa ngoma. Alikuwa akipaka mafuta mnyororo wa baiskeli.

"Karibu, marehemu," akasema bila kuinua macho.

"Papa, kumbe ulijua?"

"Nilisikia. Nikafikiri ndiyo mambo ya inivesite. Munajitangaza wenyewe, munatupunguzia kazi." Mke wake alicheka ndani ya nyumba hadi akakohoa. Mimi sikuweza kucheka, naye mzee aliponitazama usoni akaweka mnyororo chini. Nikamweleza yote, pamoja na majivu.

"Hakuna mlio wa kufuta?" nikauliza. "Wa kusema tulikosea?"

"Ngoma si telefone. Na tangu nianze kuipiga, hakuna aliyerudi kuniomba hilo."

"Basi nifanye nini, papa? Nikienda nikamtokea, ni mzee, moyo wake..."

"Unafikiri ngoma ya kifo inaambia watu 'lieni'? Inawaambia 'kujeni'. Yule mama alisikia, akaketi chini, akangoja watu wa upande wako waje. Nani amekuja?"

"Nilituma sauti yangu."

"Ile ile iliyokufa," akasema, akaurudia mnyororo wake.

Hizo ndizo siku nne nilizotaja. Niliwaza nifike asubuhi au mchana, kwa nguo nyeupe au za rangi, mama mdogo atangulie au asitangulie. Akitangulia, nkambo atasema naye amedanganywa. Nikiita hodi, atasikia sauti ile. Nikisimama mlangoni, atamwona aliyemfungia mlango. Niliwaza pia jambo baya zaidi, kwamba wazee wa sokoni walikuwa wanasimama kwa sababu wanajua kitu, na kwamba mimi ndiye niliyekosea kujidhani mzima. Nilijibana mkono. Nilijipima homa. Ya tatu kati ya zile rekodi kumi na moja, ile ya kusoma, nilipoisikiliza tena hata mimi sikuiamini.

Alfajiri ya siku ya tano nikafuta sauti ya kufungulia kutoka vipindi vyote vilivyokuwa kwenye simu yangu, nikamwamsha motari. Nilimwomba aiondoe bafle kwenye pikipiki na kuiacha nyumbani.

"Hatupigi kitu?"

"Hatupigi."

"Njia yote hiyo, kimya?"

"Kimya."

Alinishusha kabla ya kijiji, nami nikatembea. Kwetu, mtu anayefika penye kilio haiti hodi. Haingii nyumbani wala hasalimu. Anaketi chini uani, miongoni mwa wengine kama wapo, anakaa kimya hadi mwenye kilio aje kumpa mkono na kumwuliza ametoka wapi. Hapo ndipo anaruhusiwa kusema. Nilikuwa nimeitwa na ngoma kama mtu mwingine yeyote, nikaamua kufika hivyo.

Uani kulikuwa na mkeka mmoja, na mama mdogo peke yake. Aliponiona alijishika mdomo. Nikaweka kidole kwenye midomo yangu, nikaketi juu ya udongo, nikainamisha kichwa. Sijui ni muda gani. Jua lilisogea kutoka goti langu moja hadi la pili. Mlango ulifunguka nikasikia miguu yake, ikiburuta, ikisimama, ikija tena. Sikuinua macho, maana mwombolezaji hainui macho. Niliona ukingo wa kitenge chake na vidole vya miguu vyenye majivu.

Mkono ukashuka mbele ya uso wangu. Nikaushika kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Umetoka wapi?" akauliza.

"Nimetoka Kasongo," nikasema. "Nimeitwa na ngoma. Na mimi ndiye niliyeipeleka, nkambo. Nimekuja kusema hivyo."