Bibi Subiri na Namba Aliyoibandika Ukutani

Ukitaka kumkera Bibi Subiri, mwambie apumzike. Mwanamke huyu alikaa miaka thelathini na moja kwenye chumba cha simu cha hospitali, mdomoni maneno yale yale: "Subiri kidogo, nakuunganisha." Ndiyo yaliyompa jina. Lakini yeye mwenyewe subira hana, hata ya kungoja chai ichemke. Huinywa vuguvugu, majani yakielea, huku akizunguka chumbani. Alipostaafu, mikono ilimwasha. Alifagia palipokwisha kufagiliwa, akapanga vijiko, akavipangua, mpaka matapeli walipompa kazi.

Walianza na mdogo wake, fundi cherehani anayekaa naye. Walimpigia wakasema mwanawe kapata ajali shuleni, atume pesa ya matibabu upesi. Maskini akatuma yote aliyokuwa nayo, kumbe mtoto yuko darasani anapiga miayo. Bibi Subiri aliumia kuliko mwenye pesa. Tangu siku hiyo, tapeli akipiga, hakatiwi simu. Anakaribishwa.

"Mwanangu kapata ajali? Loo, masikini! Subiri kidogo, nakuunganisha na mhasibu wetu." Hugonga kijiko kwenye bilauri mara mbili, kama mlio wa kuunganisha simu, kisha akarudi na sauti ya puani ya mhasibu. Mhasibu humrusha tapeli kwa karani, na karani ni mkali, anataka jina herufi moja moja. Wote ni yeye. Mdogo wake huuma kitambaa asije akacheka.

"Muda anaoupoteza kwangu," husema Bibi Subiri, "hampigii mama wa mtu mwingine."

Na kusema kweli, hapo hakuna aliyeumia. Angeishia hapo, mimi nisingekuwa na la kusimulia.

Jumatatu moja akamnasa mmoja sugu, mwanamume mwenye kikohozi. Alimzungusha karibu saa nzima, mpaka jamaa akagundua anachezewa, akamwaga matusi ya nguoni kwa sauti iliyofika hadi kwenye cherehani. Cherehani ikanyamaza.

"Dada, ni yeye," mdogo wake alisema, uso umempauka. "Aliyenipigia mimi. Kikohozi ndicho hicho."

Wee! Damu ikamchemka Bibi Subiri. Akachukua kipande cha boksi, akaandika namba, na chini yake kwa herufi kubwa: NI YA TAPELI. MPIGIENI MUMPE VYAKE.

"Dada, una hakika namba ni yake?"

"Namba si ndiyo mtu! Ya nani tena?"

Kwake ilikuwa hivyo. Miaka yote ile, mia mbili na nne alikuwa daktari wa mifupa, mia tatu na tisa ni jikoni, na hakuna aliyehama. Alitoka na boksi lake mbio, akalibandika ukutani kwenye duka la maziwa, ambako mtaa mzima hupanga foleni asubuhi.

Jumanne alipiga, namba inatumika. Akasugua viganja kwa raha. Jumatano haikupatikana kabisa. Usingizi ukamruka, akawa anakwenda dirishani na kurudi, anataka kusikia mwizi akilia. Alhamisi asubuhi simu ikaita, na aliyepokea ni mwanamke, sauti imechoka.

"Nitukane haraka, ndugu yangu, kisha ukate. Nangoja simu ya hospitali."

Bibi Subiri akaacha kuzunguka. Maisha yake yote yalikuwa sauti za watu, na hii haikuwa ya tapeli. Akauliza kwa upole, akajibiwa. Yule mama ni mfua nguo. Simu yake iliibiwa sokoni, na wezi wakaitumia laini mpaka alipoirudisha Jumanne kwenye simu nyingine. Tangu hapo ni matusi juu ya matusi. Na mumewe anangoja kupasuliwa tumbo. Kitanda kikipatikana, hospitali itapiga.

"Jana nilishindwa, nikazima kutwa nzima," alisema.

"Unakaa wapi, mwenzangu? Niambie, nakuja."

Akapita kwanza dukani, akalibandua boksi kwa kucha, huku mdogo wake akienda mlango kwa mlango kuwaambia watu kwamba wamemwonea asiye na kosa. Bibi Subiri alifika kwa mfua nguo na ndala za ndani, anahema. Mume alikuwa amelala kwenye godoro, ameshika ubavu. Mke alikuwa ameinamia beseni la mashuka.

"Namba niliibandika mimi," Bibi Subiri alisema pale pale mlangoni. "Sina la kujitetea."

Mfua nguo alichomoa mkono kwenye povu. Aibu ikamwingia mgeni mpaka kwenye mifupa.

"Basi pokea wewe," yule mama alisema, akamrushia simu.

Bibi Subiri akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, goti likimcheza, akapokea. "Hapana, baba, huyu si tapeli. Aliyekosea ni mimi. Haya, nitukane mimi, kisha uwaambie na wenzako." Simu kumi na moja. Ya kumi na mbili, akasikia ndani ya simu kelele za wodi, akazitambua kabla ya neno.

"Tangu jana tunapiga, mmezima!" nesi alifoka. "Kitanda kile tumempa mwingine."

Miaka thelathini na moja, hakuna simu ya mgonjwa iliyopotelea mikononi mwake. Leo moja.

"Kosa ni langu, sista, si la mkewe. Nakusihi, hakuna kingine?"

Karatasi zikapekuliwa, polepole mno.

"Kuna mmoja anatoka kesho. Mleteni saa moja asubuhi, asile kitu. Nipe mkewe nimweleze."

"Subiri kidogo," Bibi Subiri alisema. "Nakuunganisha."

Mfua nguo mikono ilikuwa imejaa povu. Bibi Subiri akaifuta simu kwenye gauni lake, akamwekea sikioni, akaishikilia hapo bila kutikisika mpaka maneno yote yakaisha. Kisha akashika shuka upande wa pili, wakakamua.