Kamba ya Taa ya Bibi

Wiki iliyopita fundi umeme alikuja kwangu Kiseke kubadilisha swichi ya bafuni. "Shikamoo bibi. Nikuwekee ya kubonyeza au ya kuvuta kamba?" Nikamwambia aweke anayotaka, ila ya kamba asinionyeshe. Akacheka, akadhani natania. Wapi! Kuna machungu hayazeeki, ndugu yangu.

Nyumba yetu ya Mwanza mjini ilipoingizwa umeme, miaka ile kabla ya Uhuru, taa ya sebuleni iliwashwa kwa kamba iliyoning'inia kutoka darini. Bibi, mama yake baba, alikuwa mtu wa Ukerewe, na macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, hata mwanga haoni. Enzi za chemli yeye ndiye aliyewasha taa, basi hata umeme ulipokuja hakuna aliyemnyang'anya kazi hiyo. Adhana ya magharibi ikisikika, alitoka chumbani akipapasa ukuta mpaka kwenye kamba, "Bismillahi," akaivuta, ka! Hapo tulimwamkia wote, shikamoo bibi, shikamoo mama, naye akaitikia kila mtu marahaba kwa jina lake. Asiposikia sauti ya mtu, aliuliza yuko wapi. Ndivyo alivyojua nani amerudi.

Kamba yenyewe ilikuwa haidumu. Ilisagika pale juu inapoingia kwenye swichi. Baba alizima umeme wa nyumba nzima, akapanda mezani, akafungua kifuniko na kufunga uzi mpya, na baada ya muda nao ukakatika. Bibi akachoka. "Leta uzi wa nyavu, huu wenu ni wa kushonea vifungo." Akausokota mwenyewe, akapiga mafundo makubwa mwishoni ili mkono wake uyatambue. Loo, ulinuka sato uzi ule! Kila aliyeugusa alinuka sato mpaka kwenye sahani ya wali, na mama hakuacha kulalamika. Lakini haukukatika tena.

Uhuru ulipokaribia, baba alipandishwa cheo ofisini, akaanza kuona haya. "Nchi inajitawala, sisi bado tunavuta kamba kama tunavuta mbuzi?" Akaalika wakubwa wake waje kula pilau. Siku yenyewe, bibi akiwa kwa jirani, baba alikata kamba, akafunga swichi nyeupe ukutani, karibu na mlango. Mama akamuuliza kama amemwambia bibi.

"Atazoea," akajibu.

Jioni wageni walikuwa wameshakaa, taa inawaka. Adhana ikalia, bibi akatoka. Akainua mkono. Akapapasa hewa, huku na huku, katikati ya sebule inayong'aa, asijue kama kuna mwanga. "Nani kaichukua kamba?" Mgeni mmoja akacheka, wenzake wakafuata, na baba, Mungu anisamehe kusema, baba naye akacheka. Sisi watoto tulikuwa tumekatazwa kufungua mdomo mbele ya wageni, kwa hiyo hakuna aliyemwamkia.

Akashusha mkono. "Kumbe mmeshawasha," akasema, akarudi chumbani.

Kesho yake baba alimshika mkono amwonyeshe swichi. Bibi hakutaka hata kuigusa. Akaomba arudishwe Ukerewe, na huko ndiko alikofia.

Siku hizi taa zinawaka tu, kila mtu chumbani kwake, hakuna anayeuliza nani hajarudi. Baba aliishi sana, nami nilimuuguza mpaka mwisho. Alipenda kuwasimulia wajukuu kwamba swichi yake ya ukutani ilikuwa ya kwanza mtaani kwetu. Wao wakipiga makofi, mimi nilitoka nje.