Njia ya Enok Ndani ya Kisiwa

Najaaraq hakuwa mtu wa kuchelewa, lakini asubuhi ile alichelewa. Mjukuu wake alikuwa anaanza darasa la kwanza, kijiji kizima kinawangoja ng'ambo ya ghuba na kahawa na keki, na zile buti nyeupe za ngozi, za sikukuu, zilikataa katakata kuingia miguuni mwa mtoto.

Mtoto huyo, wa kike, aliitwa Enok, jina la marehemu babu yake, mume wa Najaaraq. Na kwao aliyepewa jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe amerudi. Kumkatalia neno ni mwiko. Basi boti yao ilipokikaribia kisiwa cha ghubani, Najaaraq akataka kukizunguka kwa nje, upande wa bahari. Enok akanyoosha kidole kwenye mkondo mwembamba kati ya kisiwa na pwani.

"Pita huku ndani. Ndiyo njia yangu!"

"Mume wangu, huko kuna tope."

"Hakuna!"

Maneno yale yale ya marehemu, hata kubetua mdomo kwenyewe! Moyo ukamlainika bibi wa watu, akapita. Wakapwelewa.

Miaka nenda miaka rudi alizozana na mumewe kwa hilo. Kila kiangazi barafu ya mlimani husaga mawe yakawa unga, mto ukaumwaga ghubani, maji yakawa meupe kama uji. Unga ule ukikutana na chumvi hushikana madonge, ukazama. Najaaraq, aliyevua humo kwa mshipi, aliona chubwi lake la risasi likigota chini mapema zaidi kila mwaka. Enok mzee akubali? Thubutu! Mbishi yule hakuwahi kukiri kosa hata siku moja.

"Nilikwambia, Enok! Nilikwambia mpaka sauti ikanikauka!" alifoka, machozi yakimlengalenga. Maji yalizidi kupwa. Mtoto angeikosa siku yake, na siku hiyo haina ya pili.

Akamwita mwalimu Pavia kwa redio.

"Msishuke, tope litawameza!" Pavia akacheka. "Mmepita njia ya mzee, eti? Haya, tunakuja."

Wakaja kweli! Boti za kijiji zikasimama karibu, palipobaki kina, chupa za kahawa zikapitishwa kwa ncha za makasia, peremende zikawanyeshea. Pavia akafungua shule pale pale, kwa kupaza sauti.

"Enok, mwanafunzi wangu mpya, una neno?"

Mtoto akapanda juu ya ndoo, akamgeukia bibi yake.

"Mke wangu, ulisema kweli. Kuna tope."

Watu wakaangua kicheko. Najaaraq alicheka mpaka akaketi, akamkumbatia mumewe.

"Miaka yote ile," alisema, "leo ndiyo unaniambia!"