Vali ya Mama Mkwe na Pampu ya Baiskeli

Heri mnisikie mimi mwenyewe kuliko mngoje kusimuliwa na watu wa Kosele, maana huko hadithi yangu imeshanenepa, wanasema eti suruali ilinivuka mbele ya pasta, na huo ni uongo mtupu, suruali haikuvuka (kilichoruka ni kifungo cha koti, nitafika hapo), lakini aibu yenyewe siikatai, niliipata kamili, na hadi leo nikiona hema la sherehe masikio yananiwaka.

Mimi kazi yangu ni kuziba pancha hapa Suna, Migori, na shule niliachia kidato cha pili, lakini kichwa changu hakijui kutulia, nikiona kitu lazima nijue ndani kinafanyaje kazi. Sasa, mama yake Achieng', msichana ninayetaka kumuoa, aliugua moyo. Kutoka bombani hadi mlangoni kwake alikuwa anapumzika mara tatu, na siku moja alizimia kanisani watu wakiimba. Wakampeleka Nairobi, na huko wakakuta vali moja ya moyo, yaani kile kimlango kinachopitisha damu, imeganda chokaa kama birika kuukuu na haifunguki vizuri. Wakaona hana nguvu za kupasuliwa kifua, kwa hiyo wakachukua mpira mwembamba, wakaupitisha ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni, na kwenye ncha ya huo mpira kuna vali mpya imekunjwa kama mwavuli, ikifika mahali pake wanajaza kibaluni, inafunguka, inaisukuma ile ya zamani pembeni, kwisha, na baada ya siku chache mama yuko nyumbani anachambua mboga. Achieng' aliponieleza kwa simu nililia (mimi hulia haraka, mnajua), halafu nikaanza kutazama video mpaka bando zikaisha, kwa sababu jamani, vali za tyubu nazishika kila siku, sikujua kuna mtu aliwahi kuwaza kuingiza moja ndani ya mama wa watu bila kumpasua.

Basi nikaalikwa kwenye maombi ya shukrani, Jumapili, huko kwao Kosele. Baba yake Achieng' alishafariki, kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni baba yake mdogo, Mzee Onditi, na siku hiyo ndiyo alikuwa anitazame: akiridhika, ananipa tarehe ya kuja rasmi na wazee wangu, asiporidhika, nitafute msichana kwingine. Achieng' alinipigia asubuhi.

"Okoth, leo mdomo wako ni wa kula peke yake. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Useme ulichosikia."

"Mdomo ni wa kula."

Na alikuwa na haki ya kuogopa, kwa maana kwetu mama wa msichana, tunamwita maro, si mtu wa kuzoeana naye. Humkazii macho, hukai karibu naye, huzungumzi habari za mwili wake, na chumbani kwake huingii hata nyumba ikishika moto. Haya yote nayajua tangu utotoni. Lakini kabla ya kutoka nikachukua kile kimpira cheupe cha mafundi wa kujenga, kile cha kupimia usawa kwa maji, nikafunga baluni ya besdei kwenye ncha, nikatia pamoja na pampu ndogo ya baiskeli ndani ya mfuko wa karatasi, nikijiambia nitamwonyesha Achieng' peke yake nyuma ya jikoni, dakika mbili tu, afurahi. Hapo ndipo nilipokosea. Mengine yote yalijileta yenyewe.

Nilifika nimevaa suti ya binamu yangu (yeye ni mwembamba, mimi napenda ugali), nikakaa chini ya hema, karibu na mlango wa nyumba, nikala, nikacheka kidogo, nikasema asante. Mambo yalikuwa mazuri mno. Halafu Mzee Onditi akasimama na soda yake mkononi.

"Mimi nina swali," akasema. "Shemeji yangu tuliambiwa ametengenezwa moyo. Nimemtazama shingoni, nimemtazama hapa juu, sioni hata mshono mmoja. Kuku tukimpasua, alama tunaona. Hao madaktari waliufikia moyo kwa njia gani?"

Watu wakacheka. Jirani mmoja, mwanamke mwenye kitambaa cha njano, akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika hadi barabarani, "Labda alienda tu kupumzika Nairobi. Na sisi tulikuwa tunafunga tukimwombea!"

Nikamwona mama wa Achieng' akiinamisha kichwa, akitazama mikono yake kama mtoto aliyesingiziwa, na kabla ya Nairobi alikuwa amekaribia kufa, jamani, mimi najua alivyokuwa, na pale hakuna aliyemjibia. Roho ikaniuma. Mkono wangu ukainuka wenyewe kama tuko darasani. Achieng' alinitolea macho toka upande wa masufuria, lakini Mzee alikuwa ameshaniona.

"Kijana wa Migori ana neno?"

"Ndiyo, Baba."

Nikasimama. Nikaanza na birika na chokaa yake, wamama wakaitikia kwa vichwa. Nikaja kwenye vali ya tyubu, kwamba ikiziba au ikilegea safari imekwisha hata baiskeli iwe mpya vipi, wanaume wakasema "Eee!" Nikaja kwenye mpira mwembamba unaopeleka vali mpya moyoni, imekunjwa kama mwavuli. Pasta akaacha kula akanisikiliza, na mimi kichwa kikavimba, nikajiona daktari kabisa.

"Na huo mpira," akauliza Mzee Onditi, "unaingilia wapi?"

Ndugu zangu, hapo jasho likanitoka, maana mpira huo huingilia kinenani.

"Kwenye mshipa, Baba."

"Mshipa gani? Wa mkono?"

"Wa chini kidogo."

"Tumboni?"

"Chini kidogo tena, Baba."

Bibi mmoja akashika shavu. "Yawa! Huyu mtoto anataka kutuambia nini juu ya maro wake?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha akae. Mimi nikaona njia ya kutokea. Nikasema hapana, tusimtaje mama kabisa, tuseme mgonjwa ni mimi! Nikatoa vifaa vyangu, na kwa kuwa mfuko wa suruali ya binamu ulikuwa umetoboka, nikaingiza mpira kupitia hilo tundu, nikaupandisha chini ya shati hadi kifuani, koti nikalifunga vifungo vyote ili isionekane vibaya, pampu nikampa Mzee Onditi mwenyewe (nilidhani namheshimu), nikamwambia, "Baba, sukuma polepole, utaona vali inavyofunguka."

Mzee alisukuma mara mbili polepole, kifua changu kikainuka upande mmoja, watoto wakaanza kupiga makofi, na nadhani ni hayo makofi yaliyomharibu, kwa sababu aliweka soda chini, akakunja mikono ya shati, akaanza kusukuma kama anayejaza tairi ya trela.

"Inafunguka?"

"Imefunguka, Baba, imetosha!"

"Bado ndogo!"

"Baba, imetosha!"

Yule mwanamke wa kitambaa cha njano akapiga kelele, "Nyonyesha basi!" na hapo kifungo cha koti kikaruka, kikatua ndani ya mchuzi wa pasta, na kabla sijashika mpira baluni ikapasuka PAAA! kama tairi ya lori.

Kuku walitawanyika. Na mama wa Achieng', mwenye vali mpya ambayo haijamaliza hata mwezi, akaangusha sahani, akashika kifua kwa mikono miwili na kuinama mpaka paji la uso likagusa magoti, mabega yakimtetemeka.

"Mama!" Achieng' alilia. "Dawa! Dawa ziko juu ya meza chumbani!"

Sikufikiri. Nawaapia sikufikiri chochote, niliona tu nimemuua mama wa watu kwa baluni ya besdei, na mlango ulikuwa hatua mbili kutoka kwangu, nikaruka ndani, pampu ikinifuata nyuma kwa mpira kama mkia ikigonga kila kizingiti, nikanyakua mfuko wa dawa mezani, na nilipogeuka ndipo nikaona kitanda, nikaona leso na gauni zake zimetundikwa ukutani, nikajua niko wapi.

Nilipotoka hakuna aliyekuwa anamtazama mgonjwa. Wote walikuwa wananitazama mimi na ule mlango. Mgonjwa mwenyewe alikuwa ameinua uso, machozi yanamtiririka, na alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashindwa kuvuta pumzi, anatingisha mkono kwamba dawa hataki. Lakini ni yeye tu aliyecheka. Mzee Onditi aliokota pampu iliyokuwa inaburuzika nyuma yangu, akanikabidhi kwa vidole viwili.

"Umeingia chumbani kwa maro wako," akasema taratibu. "Nenda nyumbani, kijana. Tukikutaka, tutakuita."

Nilirudi Migori nimefunga koti kwa pini. Wiki tatu Achieng' hakunipigia, nami sikuthubutu, nikawa naziba pancha na kulia chini ya baiskeli za wateja (mmoja akaniambia tyubu yake haina shida kubwa hivyo). Wiki ya nne simu ikaita.

"Mama alirudi kliniki Nairobi," Achieng' akasema. "Kulikuwa na mama mwingine kwenye foleni, anataka kutoroka, anaogopa kufanyiwa kama Mama. Mama akamweleza kila kitu, birika, mwavuli, mpaka yule mama akatulia na kuingia. Daktari akamuuliza nani alimfundisha vizuri hivi."

"Akasema nani?"

"Akasema, 'Mkwe wangu.' Baba mdogo naye alikuwa bado amekaza shingo, lakini Mama amemwambia yule kijana alikimbilia dawa, hakukimbilia chumba. Njoo na wazee wako. Njoo na mbuzi wa faini ya ule mlango. Na Okoth, mdomo."

Nilienda. Na niliapa, nanyi muwe mashahidi, kwamba nyumbani kwa mkwe sitaeleza tena kitu chochote, hata nikiulizwa saa ngapi. Nilikaa mchana kutwa nikisema ndiyo na asante tu, wazee wakaelewana, mbuzi akapokelewa, mama akanisalimia kwa mbali huku ameuma leso asicheke. Tulipokuwa tunaagana, Mzee Onditi akanivuta kando nyuma ya ghala, akatazama kushoto na kulia.

"Kijana," akanong'ona, "siku hizi hata mimi nikipanda kutoka shambani kifua kinabana. Huo mpira, unaingilia wapi hasa?"

Jamani! Jibu lilinijaa mdomoni kama maji ya moto. Nikameza.

"Baba, hilo muulize daktari. Mimi nitakusindikiza tu."

Tulienda naye Homa Bay kupimwa, na alipoitwa ndani, mimi nilibaki nje kwenye benchi, nimekalia mikono yangu miwili.