Mbio za Kurudi Pale Pale

Sisi Waluhya hukimbia kwa sababu mbili tu: kuku ametoroka siku ya wageni, au mvua imekuta mahindi yameanikwa nje. Sababu ya tatu nililetewa na mteja wangu wa saluni hapa Kawangware, nesi mwenye nywele nyingi na mdomo mwingi zaidi. Nikiwa namsuka, akasema tuingie umri wa miaka arobaini kwa kukimbia marathoni nzima. Nikasema sawa. Ukimsuka mtu tangu asubuhi, kufikia jioni unakubali chochote. Alitusajili sote wawili kwa simu yake kabla hajashuka kitini.

Mwezi haukuisha, akarudi saluni akicheka peke yake.

"Siste, niko na mimba."

"Na marathoni?"

"Wewe endelea tu. Utatukimbilia sisi watatu."

Hivyo ndivyo nilivyobaki na raba za mtumba na ratiba iliyotaka nikimbie mbali kila Jumapili asubuhi. Mume wangu, fundi wa kuchomelea mageti, alilipokea jambo hilo kwa upole wa mtu anayengoja lipite. "Kukimbia ni kazi ya Wakalenjin," aliniambia akimenya kiazi kitamu. "Wewe Mungu alikupa mikono." Kanisani waliona kiti changu kitupu, na mchungaji akaiombea miguu yangu hadharani, mguu mmoja mmoja.

Njia yangu ilipita Riruta, ikatokea Ngong Road, ikateremka Kibera hadi Makina, kisha nageuka. Kwa mdomo ni rahisi. Kwa miguu, Riruta tu nilikuwa hoi. Watoto waliotumwa maziwa dukani walinipita. Siku moja mtu wa bodaboda alinifuata polepole kama anayesindikiza jeneza.

"Madam, nani anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini? Panda, hakuna mtu ataambiwa."

Nilimtukana kimoyomoyo, maana pumzi ya kumtukana kwa sauti sikuwa nayo. Kila Jumapili niliamua kuacha. Kila Jumatatu wateja waliniuliza nimefika wapi, nikaona haya kusema nimefika mwisho.

Ikaja Jumapili ya safari ndefu kuliko zote. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimekula sahani kubwa ya maharagwe, kwa sababu mahali fulani nilisoma kwamba yanampa mkimbiaji nguvu. Hawakuandika nguvu hiyo itatokea wapi. Nilipoingia Makina nilikuwa natembea hatua fupi fupi, magoti yamebanana, jasho baridi linanitoka. Nje ya mlango mmoja mama wa makamo, ushungi umefungwa vizuri, alikuwa akikaanga mandazi.

"Mama, naomba choo."

Aliniangalia mara moja tu, akaelewa. "Kiko nyuma, pitia ndani. Lakini vua viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Zile kamba nilikuwa nimezifunga mafundo mawili mawili, kama bingwa. Niliinama pale mlangoni nikipigana nazo, huku nikimwomba Mungu mambo ambayo mchungaji wetu hajawahi kuyagusa. Nilifika. Kwa tofauti ndogo sana, lakini nilifika. Kasi ile ya kutoka mlangoni hadi uani sijaipata tena mpaka leo.

Nilipotoka nikaketi kizingitini, nikiwa nimeamua kwamba yameisha kabisa. Mama yule akanipa maji na andazi.

"Hivi ulikuwa unaenda wapi, binti?"

"Niko kwa mazoezi ya marathoni. Kilomita arobaini na mbili."

"Za kufika wapi?"

"Za kurudi pale pale unapoanzia."

Kijiko chake kikasimama hewani. Akamwita mkaza mwanawe aliyekuwa akifua uani. "Njoo usikie! Hebu rudia."

Nikarudia. Walicheka mpaka mandazi yakaanza kuungua, nami nikacheka nao hadi andazi likanipanda puani. Kwa miezi nilikuwa nimeibeba marathoni hiyo kama msiba wa ukoo. Pale kizingitini nikaiona ilivyo, upuuzi mtupu, na upuuzi haujawahi kunitisha; ungekuwa unanitisha, saluni yangu ingefungwa zamani. Nikafunga kamba zangu, fundo moja moja, nikarudi Kawangware nikikimbia, nikitembea, nikikimbia tena.

Siku yenyewe ilipofika, imani ya kwamba nitamaliza ilikuwa haijaongezeka. Nilianzia nyuma kabisa na nikahamia huko. Nusu ya pili niliimaliza na mwanamume mmoja mwenye kitambi, tukipokezana kuwalaani waliotuingiza mbioni. Tulipofika, mahema yalikuwa yanakunjwa, na medali zetu zilitolewa kwenye katoni lililokuwa limeshafungwa. Nililia kwa sauti, bila heshima yoyote. Hadi leo sijui kama nililia kwa furaha au kwa zile kucha mbili zilizong'oka.

Tunaishi ghorofa ya tatu. Ngazi nilizipanda kinyumenyume, mkono ukutani, majirani wakisimama kando na beseni zao kunipisha. Mume wangu alinifuata na raba zangu mkononi. Katikati ya ngazi akaishika medali, akaipindua, akaigonga kwa ukucha.

"Hiki ni kibati tu kimepakwa rangi," akasema.

Kisha akaivua shingoni mwangu, akaivaa, na hakuitoa mpaka tulipomaliza kula.